Nge Anayezaa Bila Dume: Ushahidi Unavyopatikana, na Kazi Anayowapa Wenye Nyumba

Nge jike akikaa peke yake kwenye chupa miezi sita, kisha asubuhi moja akaonekana amebeba watoto weupe mgongoni, hajathibitisha kwamba amezaa bila dume. Alichothibitisha ni kwamba hukuwapo siku alipopandwa. Majike wa spishi nyingi za nge huhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzitumia baadaye, na mimba zao ni ndefu: kwa nge wadogo miezi miwili mitatu, kwa wale wakubwa wa jenasi ya Pandinus inaweza kupita mwaka. Isometrus maculatus, nge mwembamba aliyesafiri na shehena za meli hadi bandari nyingi za tropiki, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo, huzaa zaidi ya mara moja kwa kupandwa mara moja. Huyo ni nge wa kawaida mwenye dume wake. Ukimwokota jike wake gatini ukamfungia ndani, anaweza kukuzalia peke yake mbele ya macho yako, nawe ukaandika muujiza usiokuwapo.

Muujiza wenyewe upo, ila kwa wachache. Kati ya spishi zaidi ya 2,500 za nge zilizokwisha kupewa majina, zile zilizoripotiwa kuzaa bila dume ni kumi na kitu tu, na ripoti hizo hazina uzito sawa. Nyingine zimesimama juu ya vizazi kadhaa vilivyolelewa kwa uangalifu, nyingine juu ya jike mmoja na chupa yake.

Tuweke neno sawa kwanza. Wengi huuita uzazi huu "usio wa kijinsia", wakauweka kapu moja na mgomba unaotoa machipukizi au muhogo unaooteshwa kwa kipande cha shina. Nge hatoi chipukizi. Anatengeneza yai kama jike yeyote, ndani ya ovari ile ile iliyounganika kama ngazi ya mirija, ila yai linaanza kugawanyika na kuwa kiinitete bila kusubiri mbegu ya kiume. Wanabiolojia wanaita pathenojenesisi. Hapa tutasema uzazi bila dume, inatosha. Mkulima aliyewahi kuona vidukari wakifunika majani ya kunde ndani ya wiki moja ameshauona uzazi huo kwa wadudu. Na kile kijoka kipofu chembamba kama mnyoo kinachotokea kwenye vyungu vya maua mijini pwani, Indotyphlops braminus, nacho ni jamii ya majike watupu.

Ili kuona ajabu iko wapi, tazama nge wa kawaida anavyofanya. Dume humshika jike magando kwa magando, wakaenda mbele na nyuma kama wanaocheza, dakika kadhaa au hata saa nzima. Wakati wote huo vitana vya dume, yaani vile viungo viwili vyenye meno kama kichana vilivyo chini ya tumbo, vinapapasa ardhi kutafuta mahali pagumu na tambarare. Akipapata, hubandika hapo kijiti chenye kifurushi cha mbegu, kisha humvuta jike hadi tundu lake la uzazi likae juu yake. Kwa hiyo hata neno "kupandwa" tunalitumia kwa mazoea tu. Hakuna kupandana kama kwa mbuzi. Ni kazi yenye masharti mengi: dume awepo, sakafu ifae, jike akubali, na dume aondoke kabla hajaliwa. Jike anayeweza kuyaruka yote hayo ana nafuu kubwa.

Spishi iliyochunguzwa kuliko zote ni nge wa manjano wa Brazil, Tityus serrulatus, aliyepewa jina na watafiti Lutz na Mello mwaka 1922. Ana urefu wa sentimita 5 hadi 7, kiwiliwili cheusi-kahawia, miguu na mkia wa manjano, na safu ya meno madogo kama msumeno juu ya pingili ya tatu na ya nne ya mkia. Ndiyo maana ya hilo jina serrulatus. Mwaka 1962 mtafiti Matthiesen alichapisha matokeo ya kuwalea nge hawa na kuonyesha kwamba majike ambao hawajawahi kukutana na dume huzaa. Katika familia hiyo hiyo ya Buthidae wapo pia Tityus stigmurus wa kaskazini-mashariki mwa Brazil, Tityus trivittatus wa Argentina, na baadhi ya nge wa jenasi Hottentotta wa Afrika Magharibi. Nje ya familia hiyo yupo Liocheles australasiae, nge mdogo bapa asiye na madhara kwa mtu, anayeishi chini ya magome kuanzia Asia ya kusini hadi visiwa vya Pasifiki, mpaka Iriomote kule Japani.

Wengi wa hawa huzaa majike watupu. Lakini Tityus metuendus wa Amazonia ameripotiwa kutoa kinyume chake, jike asiyekutana na dume akazaa madume. Kwa nyuki jambo hilo ni la kila siku, kwani nyuki dume hutoka katika yai lisilorutubishwa. Kwa nge ni nadra, na linamkumbusha mtafiti asimwandike mtoto yeyote "jike" kabla hajamgeuza akamtazama vitana.

Jinsi ya kuthibitisha

Kazi huanza na jike mwenye mimba. Mtazame ubavuni, pale ngozi laini inapotenganisha bamba za mgongo na za tumbo: mimba ikikaribia kutoka, viinitete huonekana kwa ndani kama vivimbe vyeupe. Mweke peke yake, mahali penye giza na utulivu, uache kufungua kifuniko kila siku. Jike anayesumbuliwa wakati wa kuzaa hula watoto wake, na hilo ndilo kosa la kwanza la wanaoanza.

Watoto hutoka wakiwa weupe, wanono, wasioweza kuuma wala kula. Hupanda mgongoni na kuishi kwa akiba ya kiini cha yai waliyozaliwa nayo. Kwa nge wa manjano, baada ya siku tano au sita hivi hujivua gamba kwa mara ya kwanza wakiwa huko huko juu, na wiki mbili hivi baada ya kuzaliwa huanza kushuka. Hapo ndipo pa kuwatenga. Ukiwatoa kabla ya gamba la kwanza hukauka na kufa. Ukichelewa wanaanza kulana.

Kila mtoto apate chombo chake kipya. Kikombe cha plastiki angavu chenye upana wa sentimita 8 hadi 10 kinatosha kwa miezi ya mwanzo, kwa sababu nge huyu hawezi kupanda ukuta laini ulio safi. Weka sentimita mbili za udongo uliochemshwa au kukaushwa kwa moto, kipande cha gome au cha trei ya mayai kilichosimama wima, na pamba yenye maji kwenye kifuniko cha soda. Gome hilo si pambo: nge wa aina hii hupenda kuning'inia kichwa chini anapojivua, na akikosa pa kushika miguu hubaki imekunjika. Matundu ya kifuniko yatobolewe kwa pini, si kwa msumari. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 28 za Selsiasi.

Chakula ni nyenje mchanga au mende mdogo asiyezidi urefu wa kiwiliwili cha nge, mara moja kwa wiki. Kesho yake toa aliyebaki. Watu hupuuza hili kisha wakashangaa kwa nini nge kafa: nyenje mwenye njaa humtafuna nge aliyetoka kujivua, maana kwa saa kadhaa mwili wake ni laini kama jibini. Nge akikataa kula na tumbo limejaa, mwache. Huenda anajiandaa kujivua. Hewa ikiwa kavu mno atanasa ndani ya gamba. Ikiwa na unyevu mno, ukungu na utitiri vitammaliza. Kati ya hayo mawili, ukavu kidogo wenye pamba ya maji karibu ni salama kuliko tope.

Sasa kazi ya karani. Kila gamba lililovuliwa litiwe kwenye bahasha ya karatasi yenye namba ya mnyama na tarehe. Gamba linaonyesha vitana na kifuniko cha tundu la uzazi, kwa hiyo unaweza kukagua jinsia bila kumshika mnyama, na idadi ya magamba ndiyo hati inayosema alikuwa bado mtoto hadi tarehe fulani. Nge wa manjano kwa kawaida hujivua mara tano kabla ya kukomaa, muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo kutegemea joto na lishe. Bila bahasha hizo, mkosoaji atauliza swali moja tu, "Una hakika huyu ndiye yule?", na miaka miwili ya kazi itakuwa imekwenda na maji.

Baada ya gamba la mwisho unasubiri. Anayezaa amethibitisha, asiyezaa hajakanusha, kwa kuwa huenda ni lishe au joto. Ndiyo maana unahitaji majike kadhaa kutoka kwa mama tofauti, na kando yao majike wa spishi yenye madume, mathalani Tityus bahiensis, waliolelewa vivyo hivyo. Hao wakibaki tasa ilhali wale wanazaa, hoja imesimama. Kisha watenge wajukuu pia. Kizazi cha pili ndicho kinachofunga mjadala wa mbegu zilizohifadhiwa.

Kuna ushahidi mwingine ambao watu huutegemea kuliko unavyostahili: kukusanya nge mia porini na kukuta wote majike. Madume wa nge wengi huzurura msimu wa kupandana na hufa mapema, ilhali majike hujificha, kwa hiyo mkusanyo wa mwezi mmoja unaweza kukupa picha ya uongo upande wowote. Zingatia pia kwamba nge wa manjano aliyedhaniwa miaka mingi kuwa hana dume kabisa, madume wake walikuja kupatikana katika jimbo la Minas Gerais huko Brazil, nyumbani kwake kwa asili. Spishi ni ile ile, na katika sehemu kubwa ya eneo lake wako majike watupu. Usemi sahihi basi ni kwamba jamii fulani ya nge mahali fulani inazaa bila dume. Kusema "spishi hii haina dume" ni kujitafutia aibu.

Ndani ya yai

Yai la kawaida hupunguza kromosomu zake (nyuzi zinazobeba jeni) nusu, kisha mbegu ya kiume hurudisha nusu iliyokosekana. Nge wa manjano ana kromosomu 12. Asipopata mbegu, ni lazima hesabu hiyo itunzwe kwa njia nyingine, na njia kuu ni mbili. Ya kwanza, yai halipunguzi kitu, na mtoto anakuwa nakala ya mama. Ya pili, yai linapunguza kama kawaida, kisha seli mbili zitokanazo na mgawanyiko huo huungana tena, au kromosomu hujirudufu. Njia hii ya pili hurudisha hesabu lakini hula utofauti: pale mama alipokuwa na matoleo mawili ya jeni, mtoto anaweza kubaki na moja tu, mara mbili.

Kwa DNA, unachofanya ni kutafuta sehemu ambazo mama ana matoleo mawili, kisha kuangalia kila mtoto. Wote wakiwa nayo mawili, uelekeo ni nakala kamili. Wengine wakiwa wamepoteza moja, yai lilipunguza na kujiunga tena. Mtego uko hapa: jamii iliyokwisha kukaa vizazi vingi bila dume huenda haina tena sehemu hizo kwa wingi. Ukipima alama tano (yaani sehemu tano za DNA) ambazo mama ana toleo moja moja, watoto wote watafanana naye na hutajua lolote. Chagua alama baada ya kumpima mama.

Kwa nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, kisababishi cha uzazi bila dume kinaweza kuwa bakteria aitwaye Wolbachia, na dawa ya antibiotiki huwarudishia madume. Wapo wanaokimbilia kumhukumu bakteria huyo kila waonapo majike watupu. Kumkuta ndani ya nge si hatia. Amekutwa pia kwa nge wa Afrika Kusini wa jenasi Opistophthalmus, ambao wana madume wao.

Wala kufanana kwa jeni hakumaanishi kila nge wa manjano ni sawa na mwingine. Sumu ya wale wa Wilaya ya Shirikisho, kule Brasília, imepimwa na kuonekana hafifu kuliko ya wale wa Minas Gerais.

Mjini, jike mmoja anatosha

Nge huyu wa manjano huzaa watoto 20 hivi kwa mkupuo, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme katika kila 20 wanapona 2, na wanakomaa kwa mwaka. Jike mmoja anaongeza majike 4 kwa mwaka: mwisho wa mwaka wa kwanza wako 5, wa pili 25, wa tatu 125. Spishi yenye madume, kwa idadi ile ile ya watoto, nusu yao ni madume, kwa hiyo majike wanakwenda 3, 9, 27. Lakini hata pengo hilo si jambo kubwa kuliko yote. Kubwa ni kwamba yule wa kwanza hakuhitaji mwenzake. Alipanda ndani ya kreti la mboga au shehena ya matofali, akashuka mji mwingine, na ukoo ukaanza. Ndivyo alivyotoka Minas Gerais akaenea majimbo mengi ya Brazil. Leo nchi hiyo inaandikisha zaidi ya watu 100,000 wanaoumwa na nge kwa mwaka, na huyu ndiye anayeongoza kwa visa vizito.

Mji umemwandalia kila kitu: mabomba ya maji taka yenye joto, giza, unyevu, na mende wasiokwisha. Maabara imeonyesha kwamba akiwa na maji anaweza kuishi zaidi ya mwaka bila kula. Kwa hiyo kumnyima chakula wiki mbili ukiwa safarini hakumsumbui.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kupuliza dawa ya wadudu. Nge hujibana ndani ya ufa, dawa hufika mlangoni pake tu, na ile inayomfikia humkera akatoka mafichoni na kutawanyika vyumbani, mchana, palipo na watoto. Mamlaka za afya za Brazil hazishauri dawa kama njia ya kumdhibiti. Zinashauri kumsaka kwa mkono na kumfungia njia. Kuku nao husifiwa sana. Kuku hulala jioni, nge hutoka usiku. Fanya hesabu mwenyewe.

Kufunga njia ni hivi. Tundu la maji la bafuni na jikoni liwe na kifuniko cha kufunga, au wavu wa matundu madogo uliobanwa vizuri, kwa sababu huko ndiko anakopandia. Chini ya mlango uwekwe mpira unaogusa sakafu. Upenyo wa milimita tatu tayari ni njia. Ziba nyufa za ukuta, pembeni mwa masanduku ya umeme na pale mabomba yanapopita. Kitanda kikae sentimita 10 kutoka ukutani, shuka isiburure. Matofali, mbao na vifusi vya ujenzi viondolewe, na mende wapigwe vita kwa usafi na chambo, si kwa kupuliza. Ukifanya bafu na ukaacha jiko, umemhamisha tu.

Msako wa usiku hufanywa kwa tochi ya ultravayoleti. Gamba la nge hung'aa kijani-buluu chini ya mwanga huo, isipokuwa aliyetoka kujivua, ambaye bado hang'ai vizuri. Kwa hiyo pitia pia kwa tochi ya kawaida. Vaa buti na glavu nene za ngozi, tumia kibano cha sentimita 25 au zaidi, na mtungi mrefu wa plastiki wenye kifuniko cha kukaza. Mshike mkiani, mwingize mtungini akitangulia kichwa. Rudia baada ya wiki chache, kwani kwa nge mwenye dume ukiwaondoa tisa kati ya kumi huenda aliyebaki akakosa mwenzi. Kwa huyu, mmoja aliyebaki ni mbegu kamili.

Mtu akiumwa, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji ya vuguvugu kupunguza maumivu, nenda hospitali. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 usisubiri dalili. Kutapika, jasho jingi, mate kutiririka na moyo kwenda mbio ni dalili kwamba sumu imeenea, na mapafu kujaa maji ndiko kunakoua. Mwongozo wa Brazil hutoa chupa 2 hadi 3 za seramu (dawa ya kuzuia sumu ya nge) kwa hali ya wastani, 4 hadi 6 kwa hali mbaya, mtoto na mtu mzima sawasawa, kwa kuwa dozi inafuata sumu iliyoingia wala si uzito wa mgonjwa.

Ukimkuta jike amebeba watoto, usimguse kwa kibano. Akishtuka, watoto huanguka na kutawanyika, na kila mmoja wao ni jike. Mfunike kwa mtungi wenye mdomo mpana, pitisha karatasi ngumu chini yake taratibu, geuza, funga. Kisha wahesabu. Wakiwa chini ya 15, piga magoti na tochi, tafuta waliobaki sakafuni kabla hujazima taa.